Wapimwe kwa Mizani ya Makbeth

Katika miaka yote niliyokuwa katika kazi ya kuwaandaa walimu, swali lililonichosha kuliko yote katika somo la fasihi lilikuwa hili: "Kitabu hiki kinatufundisha nini?" Si kwamba swali lenyewe ni baya. Ubaya wake ni kuwa huulizwa kabla kitabu hakijasomwa, na jibu lake huandikwa ubaoni kabla mwanafunzi hajafungua ukurasa wa kwanza. Mhusika huyu ni mwema, mwandike upande wa kushoto. Yule ni mwovu, mwandike upande wa kulia. Funzo: tuepuke tamaa. Kengele inalia, watoto wanatoka, na kitabu kinabaki mezani kama chungu ambacho hakuna aliyekifunua.

Siku hizi nalikumbuka swali hilo kila ninapotaja mbele ya wazee wenzangu, na hata mbele ya vijana, aina moja ya riwaya ambayo nimeanza kuisoma uzeeni. Ni riwaya za kihistoria zenye giza, zenye mizuka na miujiza ndani yake, ambazo wahusika wake wakuu ni watu wanaowapenda wa jinsia yao, au watu wasioenea vizuri katika kanzu ya mwanamume wala katika kanga ya mwanamke. Juu ya hayo wana uchu wa ukuu usio na mpaka. Si mashujaa kwa maana tuliyoizoea. Wanadanganya, wanasaliti, wanaua, na bado mwandishi anatutaka tufuatane nao hadi mwisho wa safari.

Nikizitaja riwaya hizi hupata majibu ya namna mbili. Wa kwanza husema ni sumu, na kwamba mtu wa aina hiyo hafai kuwamo kitabuni ila awe anaadhibiwa. Wa pili, ambao hujiona wana mawazo mapana, husema: watu hao wanachukiwa vya kutosha tayari, kwa nini tena wachorwe kuwa wauaji? Si afadhali wangechorwa wapole, wenye huruma, wanaodhulumiwa bila kudhulumu? Makundi haya mawili hayasalimiani njiani. Lakini mimi nasema kosa lao ni moja, na nitaeleza kwa nini.

Mabishano yasiyo na kitabu mkononi ni kelele za sokoni tu, kwa hiyo nitashika kitabu kimoja. Kinaitwa She Who Became the Sun, yaani Yule Aliyegeuka Jua, cha Shelley Parker-Chan, mwandishi wa Australia. Kilitoka mwaka 2021, na mwaka 2022 kikapata tuzo mbili za riwaya za kifantasia nchini Uingereza. Sehemu yake ya pili, He Who Drowned the World, ilitoka mwaka 2023. Mjukuu wangu alikuja nacho likizo, akakisahau juu ya kochi. Alipokuja kukiulizia nilikuwa nimefika katikati, nikamwambia asubiri.

Hadithi inaanza mwaka 1345 nchini China, wakati Wamongolia walipokuwa wakitawala, katika kijiji kilichokaushwa na njaa. Baba mmoja amebakiwa na watoto wawili, mvulana na msichana. Mpiga ramli anamtabiria mvulana ukuu. Msichana anaambiwa kwamba mbele yake hakuna kitu. Si mabaya: hakuna kitu. Wanyang'anyi wanakuja, baba anauawa, na yule mvulana wa ukuu anakata tamaa, analala chini na kufa. Msichana hakubali. Anachukua jina la kaka yake, Zhu Chongba, anavaa nguo zake, anakwenda kubisha hodi katika nyumba ya watawa wa Kibudha, na tangu siku hiyo anaishi kama mwanamume. Baadaye anaingia katika jeshi la waasi wanaojifunga vilemba vyekundu, anapanda vyeo, anamwoa mwanamke aitwaye Ma na kumpenda kweli, na anaelekea kiti cha enzi. Wenye kujua historia wamekwisha mtambua: huyu ni Zhu Yuanzhang, mwanzilishi wa utawala wa Ming, ambaye mwandishi amembuni upya kwa mwili mwingine.

Hapa naomba ruhusa nitoke nje ya njia kidogo, maana nilikuwa mwalimu wa sarufi na ugonjwa huo hauponi. Kiingereza kina kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke, na kila sentensi humlazimisha mwandishi achague. Msimulizi wa kitabu hiki humtaja Zhu kwa kiwakilishi cha kike, ilhali watu wote wanaomzunguka humtaja kwa cha kiume. Utamu mwingi wa kitabu umo katika ufa huo. Mfasiri wa Kiswahili angefika hapo na kukuta ufa hauonekani. "Alichukua upanga, akapanda farasi." Nani? Yeye. Kichina cha kusemwa nacho kiko hivyo hivyo. Tofauti imo katika maandishi tu, nayo iliingizwa mwanzoni mwa karne ya 20. Nilijaribu kufasiri kurasa mbili tatu kwa kujifurahisha, na jambo hilo lilinitesa usiku kucha, kwa sababu kitu fulani kilipotea. Lakini kingine kilipatikana. Kiswahili kilimweka Zhu katika ngeli ya A-WA pamoja na mimi na wewe, ndugu msomaji (na ng'ombe pia, nikubali), wala hakikuuliza zaidi.

Turudi kwenye uchu. Lugha yetu haina neno zuri la jambo hili. Tuna tamaa, na tamaa mbele mauti nyuma. Tuna pupa, tuna uroho, tuna kujitakia makuu. Yote ni maneno ya kukaripia. Ukitaka kumsifu mtu anayetaka kupanda juu inabidi uzunguke: ana bidii, ana malengo, anajituma. Sidhani hilo ni bahati mbaya. Jamii nyingi za wakulima na wavuvi ziliishi kwa kugawana kidogo, na anayetaka zaidi huwa ametia mkono katika sahani ya mwenzake. Kwa hiyo tunaposoma juu ya mtu mwenye uchu tumekwisha mhukumu kwa neno lenyewe.

Kitabu hiki kinanifanya nisite kidogo, kwa kuwa tamaa ya Zhu inaanza kama kitu ambacho hakuna mwenye roho anayeweza kukilaumu. Anataka asife. Kaka yake, aliyeahidiwa kila kitu, alikosa hiyo tamaa moja na akafa. Msichana aliyeahidiwa hakuna kitu alikuwa nayo, naye akaishi. Akiisha kuishi, anagundua kwamba maisha aliyoyashika ni ya kuazima: ili ramli na mbingu zisimgundue, lazima awe mkuu kama kaka yake alivyotabiriwa. Kesho akikubali kuwa mdogo, atarudi kuwa hakuna kitu. Ndipo tamaa ya kuishi inapogeuka kuwa uchu wa madaraka, polepole, siku kwa siku. Mara ya kwanza nilisoma nikitafuta ukurasa ambapo jambo hilo linatokea. Nilirudi nyuma nikatafuta tena. Hakuna ukurasa huo.

Walimu wa rika langu walisomesha Makbeth katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, na naweza kuufananisha uchu huu na ule. Makbeth alipewa utabiri, akauonea uchu, akaua. Zhu hakupewa, aliuiba utabiri wa maiti, na kila siku inampasa aulipie. Lakini wote wawili wanafika mahali pamoja, mbele ya mtoto asiye na kosa. Kwa Makbeth ni mtoto wa Makdafu. Kwa Zhu ni yule mtoto ambaye waasi wanamwita mwana wa nuru, anayebeba idhini ya mbingu kama mwanga unaoonekana kwa macho. Mtoto huyo ni kizuizi. Zhu anamuua. Hadanganywi na mtu, wala halazimishwi na mzuka, na mwandishi hamtafutii udhuru. Umefuatana naye tangu njaa ya utotoni, umemshangilia, umecheka mizaha yake, sasa tazama.

Sasa niwajibu wale wa sumu. Mnasema kitabu hiki kinaonyesha uovu wa watu wa namna hii. Haya. Zhu Yuanzhang wa kweli alizaliwa mwaka 1328 katika ukoo wa wakulima maskini. Wazazi wake walifariki mwaka 1344 kwa njaa na tauni, naye akaenda kuishi na watawa, akajiunga na waasi mwaka 1352, na mwaka 1368 akatangaza utawala wa Ming. Yule mwana wa nuru wa kweli, Han Lin'er, alikuwa tayari kijana mkubwa alipozama katika mto Yangtze akiwa chini ya ulinzi wa ofisa wa Zhu, na wanahistoria wengi hawaamini kwamba maji yalijiamulia yenyewe. Mwaka 1380 mfalme huyo alimshtaki waziri mkuu wake Hu Weiyong kwa uhaini, akamuua, akakifuta na cheo chenyewe. Mwaka 1393 ikawa zamu ya jemadari Lan Yu. Waliokufa katika misako ile miwili, jamaa na rafiki na majirani wa washtakiwa, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mtu huyo alikuwa mwanamume asiyetiliwa shaka na yeyote, mwenye mke, masuria na wana 26. Sijamsikia hata mtu mmoja akisema kwamba aliua kwa sababu alipenda wanawake. Tunasema aliua kwa sababu alikuwa na uchu na hofu. Basi kwa nini Zhu wa kitabuni, anayetenda sehemu ndogo tu ya hayo, muulize kwanza analala na nani?

Kuna na mhusika wa pili, naye ndiye aliyeninyima usingizi. Anaitwa Ouyang, jemadari wa Wamongolia, naye ni towashi. Ukoo wake wote uliuawa na mtawala wa Henan. Yeye akaachwa hai kwa kukatwa, akafanywa mtumwa wa mwana wa mtawala huyo, Esen. Anakua, anakuwa jemadari, anampenda Esen, Esen naye anampenda bila kujua alitaje pendo hilo. Na Ouyang ameapa kulipa kisasi. Anakilipa. Esen anakufa kwa upanga wa mtu aliyempenda kuliko wote. Ouyang si mtu mwema. Anawachukia wanawake kwa sababu watu humwona anafanana nao, na anamkata Zhu mkono wa kulia. Lakini mwiteni mwovu kwa sababu ya kisasi chake, si kwa sababu ya kile kisu alichofanyiwa akiwa mtoto.

Mambo hayo ya visu hayakuwa ya kubuni, wala hayako mbali nasi kama tunavyodhani. Mwaka 1381 majeshi ya Zhu Yuanzhang wa kweli yaliingia jimbo la Yunnan. Kati ya watoto waliotekwa kulikuwa na mvulana wa ukoo wa Kiislamu. Alikatwa, akapelekwa kumtumikia mmoja wa wana wa mfalme, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Yongle. Mvulana huyo ndiye Zheng He, aliyeongoza merikebu za China kuanzia mwaka 1405, na ambaye merikebu zake zilifika pwani hii ya Afrika Mashariki: Mogadishu, Barawa, Malindi. Twiga wa Malindi alifika katika jumba la Yongle mwaka 1415. Tunapowaeleza watoto wetu habari za twiga huyo hatutaji kisu. Nadhani tungekitaja. Aidha, wasomaji wa Biblia wanamkumbuka towashi Mkushi katika Matendo ya Mitume, aliyesimamia hazina ya malkia wake. Wazee wetu walijua kwamba mtu anaweza kukosa kile wanaume wanachojivunia na bado ashike hazina, jeshi au merikebu. Na anaweza kuvishika vizuri au vibaya.

Sasa nigeukie hao wenye mawazo mapana, na kwao nitakuwa mkali zaidi kwa kuwa ni rafiki zangu. Mnataka watu hawa wachorwe wapole na safi. Mnadhani mnawatetea. Hebu niwaeleze jambo nililoliona.

Nilikuwa na mwanachuo mmoja, kijana mwenye sauti nyororo na mikono isiyotulia anapozungumza. Sikupata kumwuliza habari za moyo wake, wala hazikunihusu. Alikwenda katika mazoezi ya kufundisha, na mkaguzi mmoja alikaa nyuma ya darasa lake dakika arobaini. Taarifa iliponifikia mezani haikuwa na neno juu ya andalio la somo, juu ya zana, wala juu ya kama watoto walielewa sehemu. Ilikuwa na aya moja juu ya sauti ya kijana na namna anavyosimama. Nilikataa kuitia saini. Nilimwambia mkaguzi arudi akakague somo. Alirudi, shingo upande, na safari hii akaandika juu ya somo, nalo halikuwa somo zuri sana: kijana alikimbiza hatua ya tatu na hakutathmini. Alipewa alama ya wastani. Alipokuja ofisini alikuwa na furaha ambayo sikuitegemea kwa mtu mwenye alama hiyo. Akaniambia, "Shikamoo Mwalimu. Leo nimekosolewa hesabu."

Hicho ndicho ninachokisema. Yule kijana hakuomba aambiwe ni malaika. Alitaka kukosolewa hesabu. Nanyi mnaposema mhusika wa namna hii asiwe na uchu, asiue, asisaliti, mnamweka tena pale mkaguzi alipomweka mara ya kwanza: mnamtazama alivyo, hamtazami alichotenda. Mnamnyima Makbeth. Mtu asiyeruhusiwa kutenda ovu kubwa katika hadithi hawezi pia kusifiwa kwa kutenda jema, kwa sababu wema wake amepewa kama sare ya shule. (Kijana yule, kwa taarifa yenu, aliacha ualimu baada ya miaka miwili. Kila shule aliyohamishiwa, minong'ono ilitangulia kufika kabla ya barua yake ya uhamisho. Nasikia alifanikiwa katika biashara ya vifaa vya ujenzi.)

Sisemi kitabu hiki hakina dosari. Sehemu ya pili imerefuka mno, na mwandishi anarudi kwenye kidonda kile kile mara nyingi kiasi kwamba msomaji anaanza kuzoea damu, jambo ambalo ni hatari kwa kitabu kinachotaka tushtuke. Mateso ya Ouyang hasa yangeweza kupunguzwa kwa theluthi na yangeuma zaidi. Mabibi katika kitabu hiki wana akili nyingi na nafasi finyu. Ma peke yake, ambaye ndiye mwenye huruma ya kweli, ningependa apewe kurasa zaidi za kubishana na Zhu. Uchawi wenyewe, hiyo mizuka na mianga, mara nyingine unafanya kazi ambayo siasa ingeifanya vizuri zaidi. Na mwalimu yeyote mwenye busara ajue kwamba ni kitabu cha watu wazima. Simpi mtoto wa darasa la saba.

Lakini sehemu hiyo hiyo ya pili ina Wang Baoxiang, mtoto wa kulea wa mtawala wa Henan, aliyedharauliwa na ndugu yake Esen kwa kupenda vitabu na daftari za kodi kuliko upanga. Nilipokutana naye nilicheka peke yangu barazani. Nilimfahamu: ndiye mhasibu wa kila chuo nilichopata kufanya kazi, mtu ambaye wakufunzi humcheka mgongoni, ilhali yeye ndiye anayejua kama mchele utafika mwisho wa muhula. Huyu anaamua kuichukua dharau yao na kuifanya silaha. Mnasema mimi ni mtu laini, mwenye hila, asiye mwanamume kamili? Vyema, nitakuwa hivyo hivyo hadi niwafikishe shimoni. Anafanya mambo ya kutisha, na kila anapofanya jambo la kutisha unaona kwamba kuna siku, miaka ya nyuma, ambapo neno moja la heshima kutoka kwa kaka yake lingetosha. Mwandishi hasemi kwamba kwa hiyo amesamehewa. Maiti zilizo nyuma yake zinabaki maiti.

Mzee mwenzangu mmoja, mwalimu wa historia aliyestaafu kabla yangu, aliniazima sehemu ya kwanza kwa nia iliyo wazi: apate mahali pa kukishambulia. Kiingereza chake ni kizuri lakini macho yamechoka, kwa hiyo alikaa nacho wiki sita. Nilijiandaa kwa hotuba ya maadili. Alipokirudisha alikaa kitako, akaomba chai, akanyamaza kitambo.

"Mwalimu," akasema, "yule mtoto. Zhu hakuwa na njia nyingine?"

Nikamwambia mimi naona alikuwa nayo, ila ingemgharimu kiti. Yeye akasema hapana, ingemgharimu uhai, maana jeshi lingemgeukia kabla ya mwezi kwisha. Tukabishana mpaka adhana ya magharibi, kuhusu majeshi, kuhusu Nanjing, kuhusu kama Ma angeweza kumzuia. Alipoondoka alichukua sehemu ya pili. Nimempa kwa sharti asikunje kurasa, kwa maana ni mali ya mjukuu wangu.